UZI: John Punch, ukoo wa Bunch na nasaba ya mama yake Obama. Ushahidi unafika wapi?

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam.

Barack Obama anapotajwa hapa jukwaani, mazungumzo huelekea Kogelo, kijiji cha ukoo wa baba yake nchini Kenya, moja kwa moja, na upande wa mama yake, Stanley Ann Dunham, aliyezaliwa Wichita, Kansas, mwaka 1942, hufungwa kwa kusema tu kwamba alikuwa mzungu. Ndiyo maana tangazo la kampuni ya nasaba ya Ancestry la tarehe 30 Julai 2012 liliwashangaza wengi. Watafiti wake walisema kwamba mama huyohuyo, kwa uwezekano mkubwa, alitokana na John Punch, Mwafrika aliyekuwa mtumishi katika koloni la Virginia mnamo mwaka 1640, ambaye angekuwa vizazi 13 juu ya rais huyo. Magazeti mengi yalilibeba jina la Obama na habari ya utumwa, yakaiacha ile tahadhari ya uwezekano njiani. Ninaomba tuijadili tahadhari hiyo, kwa sababu kazi nzima ya kufuatilia familia ya mtu wa kale wa Marekani imo ndani yake.

Tuanze na Punch mwenyewe. Tunamjua kwa kumbukumbu moja ya mahakama. Tarehe 9 Julai 1640 Mahakama Kuu ya Virginia ilishughulikia kesi ya watumishi watatu wa bwana mmoja aitwaye Hugh Gwyn, waliotoroka, wakakamatwa Maryland na kurudishwa. Wote watatu walihukumiwa viboko 30 kila mmoja. Victor, Mholanzi, na James Gregory, Mskoti, waliongezewa mwaka mmoja wa kumtumikia bwana wao baada ya mikataba yao kwisha, kisha miaka mitatu ya kulitumikia koloni. Wa tatu, ambaye karani alimwandika kuwa mtu mweusi aitwaye John Punch, aliamriwa kumtumikia Gwyn, au yeyote atakayepewa haki hiyo na Gwyn, kwa muda wote wa uhai wake, iwe pale au kwingineko. Kosa lilikuwa moja na viboko vilikuwa sawa, lakini adhabu zikawa mbili. Wanahistoria wameiandika sana hukumu hiyo kwa sababu ilitolewa kabla Virginia haijatunga sheria ya utumwa. Kwa mtafiti wa nasaba, hata hivyo, ni karatasi kavu: haitaji umri wa mtu huyu, alikotoka, mke wala mtoto.

Kwa hiyo anayeanzia kwa Punch na kushuka hafiki popote. Utaratibu unaokubalika ni kuanzia kwa aliye karibu na kupanda kizazi baada ya kizazi, na kila kizazi kithibitishwe kabla ya kukigusa kinachofuata. Stanley Ann alikuwa binti wa Madelyn Payne, aliyezaliwa Kansas mwaka 1922. Madelyn ni binti wa Leona McCurry. Leona ni binti wa Margaret Belle Wright, aliyezaliwa Arkansas. Mama yake Margaret ni Frances Allred. Na mama yake Frances ni Anna Bunch. Tazameni kwamba ngazi hizi zote ni za wanawake, na kwamba kila mmoja wao alibadilisha jina la ukoo alipoolewa, jambo ambalo huwakwamisha watafiti wengi kuliko hata moto na mafuriko. Sensa ya Marekani ilianza mwaka 1790, lakini hadi kufikia ile ya 1850 ilikuwa ikiandika jina la mkuu wa kaya peke yake. Mke na watoto walikuwa tarakimu tu kwenye safu za umri. Kwa vizazi vya kabla ya hapo lazima mtu ageukie wosia, hati za ardhi, vyeti vya ndoa na madaftari ya kodi.

Kutoka kwa Anna, njia hurudi kwa baba zake, wanaume wa jina la Bunch, hadi Virginia ya karne ya 17. Hapa mgeni wa fani hii hupotea kwa sababu isiyomjia akilini: mipaka. Kaunti ya New Kent ilikatwa kutoka York mwaka 1654, Hanover ikakatwa kutoka New Kent mwaka 1720, na Louisa ikakatwa kutoka Hanover mwaka 1742. Familia iliyokaa shamba lilelile, ikilala chini ya paa lilelile, inaweza kuonekana katika majalada ya kaunti tatu kana kwamba ilikuwa ikihamahama. Na majalada yenyewe yamepungua mno. Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe baadhi ya kaunti zilipeleka vitabu vyao Richmond ili viwe salama, na moto wa Aprili 1865 ukavikuta hukohuko. New Kent ilikwisha kuunguzwa jengo la mahakama tangu 1787. Ndiyo sababu majarida ya nasaba ya Marekani yana kundi maalumu la kaunti zinazojulikana kama kaunti zilizoungua.

Pamoja na hayo, mtu wa kwanza wa jina hili katika mstari huu anaonekana wazi: John Bunch, aliyepewa hati ya ekari 450 New Kent mwaka 1662. Kwa nini hati hiyo ilinusurika wakati mahakama ya kaunti iliteketea? Kwa sababu haikuwa mali ya kaunti. Hati za kwanza za ardhi zilitolewa kwa jina la Mfalme na kunakiliwa katika vitabu vya koloni, na vitabu hivyo vipo hadi leo katika Maktaba ya Virginia, Richmond. Mtafiti mzuri, akikuta kabati moja limeungua, hujiuliza ni ofisi gani nyingine iliyokuwa na haja ya kuandika jambo lilelile.

Kabati la pili ni la Baraza la Gavana. Mwaka 1705 John Bunch mwingine, wa kizazi cha baadaye, pamoja na Sarah Slayden, waliliandikia Baraza kulalamika kwamba mchungaji wa parokia ya Blisland amekataa kuwatangazia ndoa. Bwana harusi alihesabiwa kuwa chotara, bibi harusi alikuwa mzungu, na sheria ya mwaka 1691 ilikataza ndoa za namna hiyo. Baraza lilipeleka swali kwa Mwanasheria Mkuu wa koloni, naye akaona ugumu: je, mtoto aliyezaliwa na mwanamke mzungu kwa mwanamume ambaye mwenyewe ni chotara naye ataitwa chotara? Mwaka huohuo Bunge la koloni lilitoa jibu kwa sheria: mtoto, mjukuu na kitukuu wa mtu mweusi wote wahesabiwe machotara. Kwa mahakama ya siku zile huo ulikuwa ubaguzi uliopangwa kwa vizazi. Kwetu sisi ombi la Bunch ni ushahidi wa thamani kubwa, maana linaonyesha kwamba majirani na mchungaji wao walijua kuwa familia hii ya wenye ardhi ina babu Mwafrika, miaka 65 tu baada ya hukumu ya Punch.

Sasa swali gumu. Kama Punch alifungwa kwa utumishi wa maisha, John Bunch wa 1662, anayedhaniwa kuwa mwanawe, angewezaje kuwa huru na mwenye ekari 450? Dokezo la jibu limo katika sheria ya Desemba 1662, iliyoagiza kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake, mtumwa au huru. Kabla ya hapo desturi ya Kiingereza ilimfuata baba, na mambo yalikuwa bado hayajakaa sawa. Lakini kwa vyovyote, mtoto wa mwanamke mzungu aliye huru angeweza kukua huru hata kama baba yake ametiwa kifungo cha maisha. Kwa hiyo watafiti wanakisia kwamba mama yake John Bunch alikuwa mzungu. Hakuna karatasi inayomtaja.

Ninaweka hapa maoni yangu ili mniponde mapema: kutoka Stanley Ann hadi John Bunch wa 1662, mnyororo ni imara kwa viwango vya fani. Kutoka John Bunch hadi John Punch, ni hoja nzuri, lakini ni hoja.

Mchangiaji wa Tanga

Mkuu, ahsante kwa uzi ulioshiba. Nina swali kuhusu P na B. Punch kuwa Bunch si jambo la kutilia shaka? Mtu yeyote angeweza kuchukua majina mawili yanayofanana na kuyafunga pamoja.

Mwanzisha uzi

Ndugu, tahadhari yako ni ya haki, lakini nadhani herufi ndiyo sababu dhaifu kuliko zote za kutilia shaka. Karani wa karne ya 17 aliandika alichokisikia, na tahajia ya majina haikuwa na kanuni. Katika hati za pwani ya mashariki ya Virginia kuna Mwafrika mmoja, John Casor, ambaye jina lake limeandikwa kwa sura kadhaa, mojawapo ikiwa Gesorroro, na ukilinganisha sura hizo mbili utaona kwamba kutoka P hadi B ni hatua ndogo mno. Anayetafuta kwa tahajia moja tu kwenye kompyuta hapati hata nusu ya waliomo.

Shaka ya kweli iko kwingine. Bunch ni jina la Kiingereza ambalo lilikuwapo Uingereza kwa muda mrefu, hivyo John Bunch hakuhitaji kulipata jina hilo kutoka kwa Punch. Baba yake angeweza kuwa Mwafrika mwingine kabisa, na jina likawa limetoka kwa mama au kwa bwana aliyemlea. Watafiti walijibu kwamba, kati ya Waafrika wachache waliomo katika kumbukumbu za Virginia za wakati ule, Punch ndiye pekee mwenye jina la kukaribiana, mahali pa kukaribiana na umri unaowezekana. Hoja hiyo ina uzito. Lakini ni hoja inayotegemea kutoonekana kwa mtu mwingine, na katika koloni lililopoteza vitabu vyake vingi kwa moto, kutoonekana hakuna nguvu kama kungekuwa nayo mahali ambapo vitabu vyote vimebaki.

Mchangiaji wa Kisumu

Kwetu Wajaluo mzee angekutajia tu: Barack (baba yake rais), wa Hussein Onyango, wa Obama, wa Opiyo, na kuendelea juu bila karatasi. Naomba ufafanuzi wa jambo moja. Kwa nini walihangaika na majalada badala ya kumpima Obama mwenyewe vinasaba?

Mwanzisha uzi

Swali zuri, kwa sababu jibu lake linaonyesha mipaka ya maabara. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume peke yake, kama vile jina la ukoo linavyorithiwa kwa wengi. Y ya rais ni ile ya Onyango, ya Obama na ya Opiyo uliowataja. Haina neno lolote la kusema juu ya Virginia. Na mama yake hakuwa na Y.

Kwa hiyo waliopimwa ni watu wengine kabisa: wanaume wa leo wanaotokana na ukoo wa Bunch kwa mstari wa baba mtupu. Matokeo yao yaliangukia kundi liitwalo E1b1a, ambalo ni la kawaida sana Afrika ya Magharibi na ya Kati na halitarajiwi kwa mtu ambaye baba zake wote walikuwa Waingereza. Hili lilifunga mjadala mmoja, ule wa kama babu wa kwanza wa akina Bunch alikuwa Mwafrika kweli, na likakubaliana na lile ombi la 1705. Halikusema kwamba jina lake lilikuwa Punch. Ili kusema hivyo ingebidi apatikane mzao mwingine wa Punch anayejulikana kwa njia nyingine, wa kulinganisha naye, na hakuna.

Kuhusu vinasaba vya jumla, vile vinavyotumwa kwa mate kwenye kichupa, fanya hesabu. Vizazi 13 juu, kila mtu ana nafasi 8,192 za mababu. Mchango wa mmoja wao unaweza kuwa mdogo kiasi cha kutoonekana, au kutokuwapo kabisa, ingawa nasaba ni ya kweli. Watu wengi huenda maabara wakidhani watajibiwa swali ambalo daftari la kodi ndilo lenye jibu.

Na kuhusu mzee wa Kijaluo: nasaba ya mdomo ina ubora ambao karatasi za Virginia hazina, nao ni kwamba mtajaji ana wasikilizaji wanaomsahihisha papo hapo. Katika mstari wa Bunch nchini Marekani kilichotokea ni kinyume. Familia ilipokwisha kuhesabiwa weupe, ilikuwa na kila sababu ya kutomtaja babu yule, na baada ya vizazi vichache hakuwapo tena wa kukumbuka.

Mchangiaji wa Dar es Salaam

Nimesoma kuhusu Anthony Johnson, Mwafrika mwingine wa Virginia ya wakati huohuo, na familia yake inaelezwa kwa undani kabisa, mke, wana, hadi wajukuu. Kwa nini yeye awezekane na Punch asiwezekane? Au ni kwa vile alikuwa tajiri?

Mwanzisha uzi

Utajiri ni sehemu tu. Johnson alikuwa na bahati ya kuishi Northampton, kaunti ambayo majalada yake ya mahakama, yanayotunzwa Eastville, yanaendelea tangu 1632 bila kukatika. Ndiyo mfululizo mrefu kuliko wote nchini Marekani. Nimependa umeleta mfano huu, kwa hiyo niruhusuni niufuate kidogo, kwa sababu unaonyesha jinsi karatasi nyingi ndogo zinavyojenga familia moja.

Katika orodha ya wakazi ya mapema 1625, kwenye shamba la Edward Bennett, yumo Antonio, mtu mweusi, aliyefika kwa meli ya James mwaka 1621, na Mary, mwanamke mweusi, aliyefika 1622. Orodha haisemi kuwa ni mke na mume, wala haina jina la Johnson. Mwaka 1651 Anthony Johnson alipata hati ya ekari 250, kwa utaratibu wa ekari 50 kwa kila mtu uliyegharimia kuja kwake, na kati ya majina matano aliyoyaorodhesha yumo Richard Johnson. Wengi humchukua Richard huyu kuwa ni mwanawe, kwa hiyo jina kuwamo katika orodha ya namna hiyo si uthibitisho kwamba mtu alishuka melini mwaka ule. Kisha moto ukaiunguza nyumba yao, na mahakama, mapema 1653, ikamsamehe Mary na mabinti wawili kodi kwa maisha yao yote, ikitaja kwamba wenzi hao wamekaa Virginia zaidi ya miaka 30. Hesabu hiyo ndiyo inayowafunga na Antonio na Mary wa 1625. Mabinti hawakutajwa majina, hasara kubwa. Lakini katika kesi ya John Casor, mtumishi wa Anthony aliyedai uhuru wake, iliyoamuliwa Machi 1655, shahidi alieleza kwamba mkwewe Anthony, mke wake na wanawe wawili walimshauri amwachie huru Casor. Mkwewe! Kwa neno hilo moja la pembeni, katika shauri ambalo halikuhusu ndoa kabisa, tunajua kwamba binti mmoja aliolewa.

Baadaye walihamia Somerset, Maryland, Anthony akafariki huko kufikia 1670, na Mary mjane akaandika mwaka 1672 hati ya kuwapa ng'ombe wajukuu watatu: Anthony, Francis na Richard. Mjukuu mwingine, John, alinunua ekari 44 mwaka 1677 na kuliita shamba lake Angola. Kumbukeni pia kwamba Virginia ilimnyang'anya Richard ekari 50 za baba yake mwaka 1670, baraza la wazee wa mahakama likisema marehemu alikuwa mtu mweusi na kwa hiyo mgeni asiye na haki. Dhuluma ile iliacha karatasi, na karatasi hiyo inathibitisha uhusiano wa baba na mwana.

Punch hakuwa na ng'ombe, ardhi wala jirani wa kushtakiana naye. Aliyefungwa maisha hakununua wala hakuuza kitu.

Mchangiaji wa Minnesota

Naongeza jambo dogo. Tawi moja la akina Bunch linasemekana kwenda South Carolina, na wapo wanaomhusisha nalo Ralph Bunche, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 1950. Bwana huyo alipokuwa London mwaka 1937 alifundishwa Kiswahili na Jomo Kenyatta. Kwa hiyo ukoo huu una deni na lugha yetu pande mbili!

Mwanzisha uzi

Hilo la Kenyatta limenifurahisha, ndugu. Ila kuhusu Bunche na South Carolina tuwe waangalifu kuliko hata tulivyokuwa kwa Obama, kwa sababu herufi e ya mwisho si tatizo, tatizo ni vizazi vya katikati ambavyo kila kimoja kinadai hati yake.

Mchangiaji wa Tanga

Mwisho kwa upande wangu: nini kingekufanya useme sasa imethibitika?

Mwanzisha uzi

Elizabeth Shown Mills, mtaalamu wa kumbukumbu za kusini mwa Marekani na rais wa zamani wa bodi inayowaidhinisha wanasaba nchini humo, aliipitia kazi ya Ancestry na kuona kwamba hitimisho lao linafuata viwango. Ninakubaliana naye, kwa sababu viwango vyenyewe havidai hati ya kuzaliwa. Vinadai utafutaji wa kutosha, maelezo ya kila ushahidi unaopingana, na hitimisho lililoandikwa kwa sababu zake. Ndani ya viwango hivyo kusema "yaelekea" ni uamuzi kamili, wala si woga.

Kwangu mimi ingetosha karatasi moja ya kati ya 1640 na 1662: kesi ya mwanamke mtumishi aliyetozwa faini kwa kuzaa na mtumishi wa Gwyn, au mtoto aliyewekwa chini ya bwana fulani hadi afikie umri, au ndama aliyeandikishwa kwa jina la mtoto na baba yake akatajwa. Vitabu vya kaunti ya York, ambavyo vimebaki kuanzia 1633, ndimo ningeanza kupekua, na ningesoma kila ukurasa badala ya kutegemea faharasa, kwa kuwa faharasa zilitengenezwa na watu waliokuwa wakitafuta majina ya wenye mali.